Kufundisha Msuguano na Kutu kwa Cheni ya Pikipiki

Wanachuo wengi waandaapo somo la msuguano na kutu huandika ubaoni kwamba mafuta hupunguza msuguano na huzuia kutu, huwataka wanafunzi wanakili, husahihisha madaftari, na somo likawa limekwisha. Nimeketi nyuma ya madarasa ya namna hiyo mara nyingi, fomu ya tathmini ikiwa mkononi. Siku moja, katika shule iliyo kandokando ya barabara iendayo Dar es Salaam, nilimsikiliza mwanachuo aliyechora bawaba ya mlango ubaoni kwa uangalifu mkubwa. Nje ya dirisha, chini ya mwembe, zilikuwapo pikipiki nne, na cheni za mbili kati yake zilikuwa nyekundu kwa kutu. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa azitazame.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi somo hilo linavyoweza kufundishwa kwa kutumia cheni ya pikipiki, katika Darasa la Tano au la Sita, kwa vipindi viwili vilivyoungana. Hatukusudii kuwageuza watoto kuwa mafundi. Elimu ya Kujitegemea, ilipotangazwa mwezi Machi 1967, ilidai kwamba maarifa ya darasani na kazi ya mikono visitengane. Lakini shule nyingi zilifahamu kazi ya mikono kuwa ni jembe peke yake. Katika mwambao huu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, mtoto aghalabu huiona pikipiki alfajiri kabla hajaliona jembe. Kaka yake huenda anaishi kwa bodaboda, samaki hutoka pwani wakiwa wamepakiwa juu ya pikipiki, na watoto wengine hupelekwa shule kwa chombo hicho hicho. Cheni iliyochakaa ikichomoka mwendoni huweza kujiviringisha kwenye gurudumu la nyuma na kulifunga ghafla. Anayeanguka si dereva peke yake.

Kabla ya kuandika andalio la somo, hapana budi mwalimu mwenyewe aifahamu cheni. Umbo la cheni tunayoitumia leo lilitokana na kazi ya Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, ambaye mwaka 1880 alipata hataza ya cheni yenye bushi na rola. Kila kiungo kina pini ya chuma iliyopita ndani ya bushi, na bushi hiyo imevikwa rola inayokaa katikati ya meno ya sproketi. Sahani za pembeni huvishika vyote pamoja. Cheni inapopinda kuizunguka sproketi, pini huzunguka kidogo ndani ya bushi. Hapo ndipo penye msuguano ulio mkubwa, na hapo hapaonekani kwa macho. Cheni inayong'aa kwa mafuta kwa nje yaweza kuwa kavu kabisa kwa ndani.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Nilipoanza kazi ya kuwakagua wanachuo mashuleni nilinunua pikipiki kuukuu, na kila Jumamosi niliimiminia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Sikuiosha hata mara moja. Nilijiona mtu mwenye kutunza mali. Baada ya miezi michache cheni ililegea, meno ya sproketi ya nyuma yakachongoka kama meno ya papa, na alasiri moja, nikiwa nimeshapita Makurunge, cheni ikachomoka. Niliisukuma pikipiki hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mti. Hakunifokea. Alichota mafuta ya cheni kwa kidole, akanipa niyasikilizie kati ya kidole gumba na cha shahada. Yalikuwa mchanga mtupu. "Mwalimu," akasema, "ulikuwa husafishi, ulikuwa unasaga."

Maneno ya fundi yule ndiyo kiini cha somo. Mafuta yaliyochanganyika na mchanga hufanya kazi ya msasa. Huula uso wa pini na bushi kila cheni inapopinda, na mtu akiongeza mafuta juu ya mchanga bila kusafisha hufanya msasa huo uingie ndani zaidi. Kuhusu oili chafu yenyewe, madereva wengi huitumia kwa kuwa haina bei, na si haki kuwacheka. Cheni iliyosafishwa na kupakwa oili chafu ni afadhali kuliko cheni kavu. Lakini oili hiyo imebeba masizi na chembechembe za chuma, nayo ni nyepesi. Oili nzito ya gia, ambayo mafundi huiita namba 90, hushika vizuri zaidi.

Mwambao una adui wa pili, nayo ni chumvi. Maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya kisima, na chumvi ikishakauka juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani, hata cheni ikabaki na majimaji siku isiyo na mvua. Anayebeba matenga ya samaki huyaona maji yakichuruzika juu ya cheni yake safari nzima. Anayepita mara kwa mara karibu na mashamba ya chumvi ya Nunge, au anayeendesha juu ya mchanga wenye unyevu wa bahari, yumo katika hali hiyo hiyo. Mazoea ya kusafisha cheni kila baada ya kilometa 500 hivi yanafaa kwa bara; kwetu, hasa wakati wa masika na kwa mwenye kubeba samaki, kazi ifanywe mara cheni inapoloa.

Ili wanafunzi waone jambo hili wenyewe, jaribio lianzishwe siku 4 au 5 kabla ya kipindi. Misumari 3 isiyopakwa zinki isuguliwe kwa msasa mpaka ing'ae. Wa kwanza uchovywe kila asubuhi katika maji ya kisima, wa pili katika maji ya bahari, wa tatu upakwe oili nzito kisha nao uchovywe katika maji ya bahari. Yote iachwe hewani juu ya vifuniko vya chupa, na zamu ya siku iandike inachokiona. Mwalimu asiwaambie matokeo. Nimewaona wanachuo wakishindwa kujizuia, wakayatangaza siku ya kwanza, na jaribio zima likawa kazi ya kungojea ukweli uliokwisha kusemwa.

Vifaa vya kipindi chenyewe si vya gharama: pikipiki moja, ya mwalimu au ya jirani aliyeombwa kwa adabu mapema, nusu lita ya mafuta ya taa, miswaki mikuukuu, matambara, kopo lenye kifuniko, oili ya gia kidogo katika chupa yenye tundu dogo, na rula za sentimeta 30. Petroli isitumike kamwe. Mvuke wake hushika moto hata pasipo na joto kubwa, na cheche moja ya jikoni iliyo upande upepo unakoelekea inatosha. Mafuta ya taa nayo huwaka, kwa hiyo kazi ifanyiwe nje, mbali na jiko la shule. Kama pikipiki ni kubwa na cheni yake ina vipete vya mpira kati ya sahani, isisuguliwe kwa brashi ya waya, maana vipete hivyo ndivyo vinavyoizuia grisi iliyomo ndani isitoke.

Sasa nalifikia jambo ambalo sina budi kulisema kwa ukali. Injini izimwe, gia iwe nyutro, na ufunguo uwe mfukoni mwa mwalimu tangu mwanzo hata mwisho wa kipindi. Mwanachuo mmoja hodari, ambaye maandalio yake yalikuwa mfano kwa wenzake, aliona gurudumu likizungushwa kwa mkono kazi inakawia. Mafundi aliowajua wakisafisha cheni huiwasha pikipiki ikiwa juu ya stendi, wakaweka gia ya kwanza, wakaliegemeza tambara kwenye cheni inayokwenda. Naye akafanya vivyo hivyo mbele ya wanafunzi 40, akampa mtoto mmoja tambara. Cheni ililinasa, ikalivuta kwenye sproketi na kulichana kabla mtoto hajajua kilichotokea. Vidole vyake vilipona kwa sababu alilishika kwa ncha tu. Nilisimama nikalivunja somo, jambo ambalo mkaguzi hatakiwi kulifanya, na sijajuta. Mwanachuo yule alilia zaidi ya mtoto. Hayo aliyoyafanya mafundi wengi huyafanya kila siku, na wapo miongoni mwao waliopungukiwa na vidole.

Hata gurudumu linalozungushwa kwa mkono laweza kuponda kidole. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na msemaji mmoja. Msemaji husema "Mikono juu," wote huinua mikono, na mwenzao mmoja huzungusha gurudumu robo ya duara kwa kuielekeza nyuma, kisha huliachia. Ndipo wengine husugua sehemu ya chini ya cheni iliyo mbali na sproketi zote mbili. Watoto huupenda utaratibu huu kwa kuwa unafanana na mchezo, na mwalimu auache ufanane na mchezo.

Somo lenyewe lianze kwa kutazama. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, wanafunzi wahesabu meno ya sproketi ya mbele na ya nyuma na kugawanya. Kama ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, ya mbele itazunguka mara 3 gurudumu likizunguka mara 1. Kisha waseme wanachokiona kwenye cheni, na mwalimu ayapokee maneno yao ya mtaani bila kuyasahihisha.

Kipimo kinachofuata kimenifurahisha kila nilipokiona. Cheni za pikipiki nyingi ndogo zina umbali wa milimeta 12.7 kutoka pini moja hadi ya pili. Pingili 20 za cheni mpya ni 20 × 12.7, yaani milimeta 254, au sentimeta 25.4, urefu unaoenea katika rula ya shule. Cheni ivutwe ikaze, wanafunzi wahesabu pini 21, wapime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Ikifika sentimeta 25.9 imepita kiasi, na dawa yake ni kubadilishwa. Mwanafunzi atauliza: je, chuma kimenyooka kama mpira? La. Kila pini imekula sehemu ndogo ya bushi yake. Tuchukue cheni yenye pingili 118. Kila kiungo kikilika milimeta 0.1 tu, cheni nzima huongezeka milimeta 11.8, karibu pingili moja kamili. Hapo desimali hupata maana ambayo ubao hauwezi kuipa.

Baada ya kupima, husafishwa kwa mafuta ya taa, hufutwa kwa tambara kavu, na huachwa mpaka ikauke. Oili hutiwa tone moja moja upande wa ndani wa sehemu ya chini, kwenye maungio ya sahani, pande zote mbili. Hutiwa ndani kwa sababu cheni izungukapo huyarusha mafuta nje, nayo hupita katikati ya viungo yakienda. Ziada ifutwe yote. Mafuta yaliyobaki juu huokota mchanga tu. Mwalimu amalizie kwa kukagua ulegevu: katikati ya sehemu ya chini, cheni nyingi za pikipiki ndogo hutakiwa kucheza sentimeta 2 hadi 3. Kukaza ni kazi ya mtu mzima mwenye spana, na cheni iliyokazwa mno huharibu beringi.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mtoto apime pingili 20 za cheni moja kwa ruhusa ya mwenyewe, chombo kikiwa kimezimwa. Asiye na pikipiki kwao apime baiskeli, kwani umbali wa pini zake ni huo huo, ingawa kikomo cha kuchakaa ni kidogo zaidi. Afundishwe pia namna ya kusema. Mtoto atakayemwambia kaka yake "Cheni yako mbovu" hatasikilizwa. Atakayeamkia, akaomba kupima, kisha akamwonyesha rula, huenda akasikilizwa.

Mafuta ya taa yaliyochafuka yasimwagwe shambani wala karibu na kisima. Yafunikwe katika kopo hadi kesho yake, ya juu yaliyotakata yamiminwe yatumike tena, na tope la chini libaki katika kopo lake. Naye mwenye pikipiki aombwe asiiwashe kwa muda wa saa moja au zaidi, ili oili ipate nafasi ya kupenya mpaka kwenye pini.