Ukichonga hedi, kagua na taiming

Vijana, leo naacha mbolea kidogo. Pikapu yangu ilichemka nikiwa na matenga ya nyanya, hedi ikapinda. Fundi akaichonga, gari likawaka safi, lakini mlimani na mzigo halivuti kabisa. Siku mbili tukahangaika na kabureta bure, nyanya zinaiva kwenye matenga.

Kumbe injini ile kamshafti iko juu ya hedi, inazungushwa na cheni kutoka krankshafti. Hedi ikipunguzwa, kamshafti inashuka, upande wa cheni unaovuta unalegea, na kikaza cheni kinauhamishia ulegevu huo upande wa pili. Hapo kamshafti inabaki nyuma, valvu zinachelewa kufunguka na kufunga. Nguvu ya mzunguko mdogo, ile ya kupandia mlima, inapungua. Tena valvu zinasogelea pistoni.

Tulirudisha kimo kwa gasketi nene zaidi, tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuwasha. Muulize fundi amepunguza kiasi gani, mimi sikuuliza.

Wenye Massey Ferguson 135, kamshafti yenu iko kwenye bloku, kwa hiyo taiming haibadiliki. Ila pimeni upya nafasi ya valvu kwa fila, maana hedi imeshuka na pushirodi ni zilezile.