Kabla ya Kufunga Bastola Kiunoni

Mwenye duka la jumla Mbagala Rangi Tatu anayefunga hesabu saa tatu usiku, kisha akashika njia ya Chamazi na mauzo ya siku nzima, hahitaji kuelezwa kwa nini watu huomba kumiliki bastola. Wala mkazi wa Kawe anayeikumbuka Septemba 2022, vijana wa genge la Panya Road walipovamia nyumba na mapanga na kuua. Hofu hiyo ina sababu. Tatizo ni maswali yanayoifuata: Glock au Beretta? Ndogo au kubwa? Bei gani? Hayo ni ya mwisho. Anayeanza nayo huishia na chuma kizuri kisichomfaa.

Jiulize kwanza unajikinga na nani, wapi, saa ngapi. Vijana kumi na tano wenye mapanga wakivunja mlango wako saa nane usiku, bastola iliyo chini ya mto itakusaidia kidogo kuliko nondo za dirishani, taa ya nje inayowaka mpaka alfajiri, filimbi, na majirani wa ulinzi shirikishi wanaotoka wakiisikia. Bastola inamfaa zaidi mtu anayetembea na fedha kwa njia inayojulikana. Hata huyo, akibadili saa ya kufunga, akipita njia tofauti na kuweka mauzo kwa wakala mara mbili kwa siku, hatari yake imepungua kabla hajatumia senti kwa silaha. Ukishafanya yote hayo na bado unaona pengo, hapo endelea kusoma.

Ujue pia kwamba silaha yenyewe huwindwa. Julai 2015 kituo cha polisi Stakishari kilivamiwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, Chamazi, nje ya tawi la benki. Kote kuwili wavamizi waliondoka na bunduki. Kama wamethubutu kwa askari, wewe mwenye duka ukijulikana mtaani kwamba "yule ana mguu wa kuku", yaani bastola, umejitangaza kuwa na mali ya kuibiwa. Ndiyo maana kuficha bastola ni nusu ya kazi yake, na ndiyo maana wale wanaoiweka mezani baa karibu na chupa wananishangaza.

Kuhusu kibali sitakaa sana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na maombi huanzia chini: serikali ya mtaa inayokujua, kata, kamati za ulinzi na usalama za wilaya na mkoa, hadi Polisi Makao Makuu. Huchukua muda, na hakuna "mtu wa ndani" wa kukufupishia njia ambaye hatakuletea matatizo baadaye. Leseni hutaja silaha kwa aina na namba yake. Mwaka 2016, wamiliki wa Dar es Salaam walipotakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa, kilichoangaliwa ni hicho: namba ya kwenye chuma na namba ya kwenye karatasi. Kwa hiyo usilipe bastola kabla ya kibali, usinunue ya rafiki anayehama kwa kupeana mkono tu, na kama mzee wako amefariki na kuacha yake kabatini, ipelekwe polisi. Kuwa mtoto wake hakukupi haki ya kuishika.

Sasa tufike dukani. Muuzaji akikuletea bastola atakwambia haina risasi. Mwitikie kwa heshima, kisha hakikisha mwenyewe. Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya triga. Toa magazini kwanza. Halafu vuta slaidi nyuma, ishikilie, uangalie ndani ya chemba kwa macho, na kama mwanga ni hafifu ingiza ncha ya kidole kidogo. Mpangilio huo usiugeuze: ukivuta slaidi kwanza magazini ikiwa bado imo, risasi ya chemba itaruka nje nawe utaridhika kwamba umeitoa, huku slaidi ikirudi na kupandisha nyingine. Watu wamejipiga mguuni namna hiyo wakiapa kwamba bastola ilikuwa tupu.

Ikishakuwa tupu, ishike. Kiganja kipande juu kabisa ya mpini, mtutu ulingane na mfupa wa mkono wako. Kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa nyama yake ya mbele bila wewe kuzungusha mpini. Kisipofika, bastola ni kubwa kwako. Kikipita mpaka kwenye kiungo, ni ndogo. Halafu koki mara kumi mfululizo. Ya kwanza kila mtu anaiweza. Ukiona ya tisa unaikunjia uso na kuibana tumboni, rudisha, omba nyingine. Usiku wa kuvamiwa mikono itakuwa inatetemeka na imelowa jasho.

Hapa ndipo vibastola vidogo vinapowadanganya wengi, na hasa wanaume wanaowanunulia wake zao. Kidogo kinaonekana rahisi. Kwa kweli springi yake mara nyingi ni ngumu zaidi kuvuta, uzito wake mdogo hufanya kirushe mkono kwa nguvu kila kinapolia, na ufupi wa mtutu hufanya kulenga kuwe kwa bahati. Glock 43 ni nyembamba, inakaa vizuri chini ya fulana, lakini magazini yake inachukua risasi 6. Glock 19 inachukua 15, ina gramu kama 600 ikiwa tupu na karibu 850 ikijaa, na mtu wa mwili wa kawaida bado anaweza kuificha. Kwa anayejifunza, hiyo ya ukubwa wa kati, iwe Glock, CZ au ya kampuni nyingine inayoaminika, ndiyo ningemshauri. Kwa atakayesema hana nafasi ya kufanya mazoezi na mkono wake ni dhaifu, rivolva ya .38 yenye risasi tano haina slaidi ya kuvuta, na risasi ikigoma unabonyeza tena tu. Triga yake nzito, kujaza upya ni taratibu. Lakini huvumilia kutotunzwa kuliko nyingine.

Risasi ulizia kabla ya bastola. Milimita 9 imekuwapo tangu 1902, majeshi na polisi karibu dunia nzima wanaitumia, na hiyo ndiyo sababu tosha ya kuichagua. Bastola ya saizi ya ajabu, hata ikiwa ya bei ya kutupa, itakuacha na risasi zile zile ulizopewa siku ya kwanza, ukiogopa kuzifanyia mazoezi.

Tena fikiria risasi inaenda wapi ikishampita uliyemlenga. Tandale, Manzese, Mbagala Kizuiani, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukikohoa jirani anakupa pole. Bati halizuii risasi, mlango wa mbao hauzuii, dirisha ndiyo kabisa. Nyuma ya mwizi wako kuna chumba cha mpangaji na watoto wanne kwenye godoro moja. Anayekaa mahali pa namna hiyo, mimi nasema asitegemee bastola kulinda nyumba. Atumie fedha hiyo kwa geti.

Kuhusu kuivaa, mambo ya Marekani ya makoti hayatusaidii. Februari ya Dar es Salaam ni fulana moja, nayo inagandamana mgongoni. Ukichomekea shati, mpini unaonekana. Ukiliachia, upepo wa bodaboda unalipeperusha nyuma, na bastola iliyokaa mgongoni inasomwa na kila anayekufuata. Kwenye daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, viwiko vya watu vitaigusa kabla hujafika kiti. Kinachofanya kazi ni ala ngumu inayokaa ndani ya suruali, mbele kidogo ya nyonga upande wa mkono unaotumia, ikifunika triga yote, na mkanda mgumu wa ngozi wa kuibeba. Bastola nyingi za kisasa, Glock ikiwamo, hazina kidude cha usalama cha kusukuma kwa dole gumba. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe. Ukiitia mfukoni na funguo umejitafutia. Usiiweke kwenye mkoba wa begani, vibaka wa pikipiki wanaondoka nao mzima mzima. Usiiache kwenye droo ya dashibodi: gari huenda kuoshwa, huenda gereji, huazimwa na shemeji.

Jasho na chumvi ya bahari vinakula chuma. Wakazi wa Kigamboni na Kunduchi wanalijua hili kwa mabati yao. Bastola inayovaliwa kila siku ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, na risasi zilizokaa kwenye magazini mwaka mzima zikapigwe mazoezini, uingize mpya.

Bei ya bastola haijakamilika bila sefu, na sefu hiyo ifungwe ukutani kwa boliti, namba zake uzijue wewe. Juu ya kabati si mahali. Mtoto wa miaka sita anapanda kiti. Na kuna jambo zito zaidi ya watoto. Mei 2022, Buswelu jijini Mwanza, mume alimuua mkewe kwa bastola nyumbani. Aliyefyatua si jambazi aliyeruka ukuta. Kama ndani ya nyumba yako mna ugomvi unaofika kwenye mikono, kama unakunywa mpaka unasahau ulichosema jana, kama umepita kipindi ambacho uliona bora kufa, silaha isiingie humo, na kama imo ikabidhi kituo cha polisi mpaka mambo yatulie. Hakuna aibu.

Mwisho, saa ya kuitumia. Ukitoa bastola barabarani ukapiga, watu wanaokuja mbio hawajui nani mwizi. Wataona mtu ameshika silaha, na wananchi wenye hasira kali hawaombi leseni. Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye bastola halali waliingia jengo la maduka la Westgate, lililovamiwa na magaidi, kuokoa watu, miongoni mwao Abdul Haji, na wakaokoa wengi. Lakini siku ile ile askari wa kikosi maalumu cha polisi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliodhani ni adui. Kama hayo yaliwapata wenye sare, wewe mwenye fulana, hatari ikishapita weka silaha chini, mikono ionekane, piga kelele jina lako na kwamba una leseni, uwasubiri polisi.

Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali, kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyekwishakimbia na simu yako si hatari tena. Kifungu cha 18B kinasema wazi kwamba ukizidisha nguvu na mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kabla hujapeleka barua serikali ya mtaa, mlipe wakili kwa saa moja akusomee vifungu hivyo pole pole.