Mfungie Panya Mlango Kabla Hujavuna



Mahindi ya upande wa Webuye yameanza kukauka, na ya Kitale yatafuata nyuma kidogo. Kila mtu sasa anatafuta magunia na watu wa kuvuna. Lakini yuko mwingine anayengoja mavuno hayo, naye hakulima, hakupalilia wala hakununua mbolea. Shamba likivunwa, chakula chake huko kimekwisha na maficho yake yamefyekwa, kwa hiyo atayafuata mahindi mpaka nyumbani kwako. Somo la mwezi huu ni juu ya huyo panya. Yafaa ulisome sasa, ghala likiwa tupu, maana ghala likishajaa huwezi tena kuziba tundu lililo nyuma ya magunia.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Panya wa nyumba aliyekomaa hula kadiri ya gramu 15 za nafaka kwa siku moja. Tuseme unao 20, na katika boma lenye ghala, jiko na banda la kuku hao si wengi. Watakula gramu 300 kila siku. Tangu mwanzo wa Desemba hadi katikati ya Juni ni siku 200 hivi. Basi wamekula kilo 60, yaani theluthi mbili za gunia la kilo 90. Chukua bei ya gunia ya leo, uigawanye kwa tatu, uzidishe kwa mbili, uone ni karo ya mtoto gani iliyoliwa. Na mwezi wa Juni ndio ule ambao mahindi ya zamani yanakwisha na mapya hayajakomaa.

Hapo hatujahesabu anachokiharibu, nacho huzidi anachokila. Anatoboa gunia, mahindi yanamwagika. Anakojoa na kuacha mavi humo. Tena mara nyingi hamalizi punje, hula kile kiini laini na kuacha sehemu iliyobaki. Punje ya namna hiyo haioti kamwe, na mwenye kujiwekea mbegu za maharagwe au mahindi ya kienyeji atajua habari hiyo mwezi wa Aprili, wakati mistari ya shamba ina mapengo.

Wakulima wengi wanaokuja ofisini kuuliza habari za panya huuliza jambo moja tu: dawa. Mimi husema dawa ndiyo ya mwisho. Anayemwaga dawa huku mlango uko wazi anawaandalia nafasi panya wa jirani.

Sababu ni kwamba panya huzaa upesi mno. Panya shamba, yule wa rangi ya kahawia anayeishi katika mahindi, jike lake laweza kuwa na chuchu 24. Hubeba mimba siku zipatazo 23, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Mwaka wa mvua nyingi na majani mengi, huongezeka kupita kiasi. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha Kenya na mafuriko yakawa mengi. Mwaka uliofuata, 1962, panya walifurika mashambani na hasara ikawa kubwa. Ulikuwa mwaka ule ule watu wetu walipoanza kuhamia mashamba ya skimu, kwa hiyo adui huyu na skimu ni wa umri mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, wamemchunguza panya huyu miaka mingi, nao wanathibitisha kwamba wingi wake hufuata mvua. Basi ukiona mvua imezidi, usingoje umwone panya ndipo uanze.

Sasa twende ghalani. Ghala la mahindi lisimame juu ya nguzo, na sakafu yake iwe kadiri ya mita moja kutoka chini, kwa kuwa panya ni mwepesi sana wa kuruka. Kila nguzo uivike kofia ya bati. Kata duara la bati bapa, upana wake sentimita 65 ikiwa nguzo yako ni ya sentimita 15, ili bati litokeze sentimita 25 pande zote. Pasua mstari mmoja mpaka katikati, toboa tundu la nguzo, livike chini kidogo ya sakafu, kisha pigilia misumari mahali linapokutana. Panya akipanda atafika chini ya kofia hiyo na kukwama. Usiache nafasi yoyote kati ya bati na nguzo, kwa maana hapo ndipo atakapopenya.

Lakini nimeona maghala yenye kofia nzuri kabisa na panya wamejaa ndani. Ukitazama, utakuta ngazi imeachwa mlangoni tangu jana, au kuni zimepangwa chini ya sakafu, au baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa fito, au tawi la mwembe limelala juu ya paa. Panya hapandi nguzo ikiwa umemjengea daraja. Ngazi iondolewe kila jioni. Kuni zikae mbali. Ghala liwe hatua mbili ndefu au zaidi kutoka nyumba na miti, na majani yafyekwe pande zote, kwa sababu panya huogopa kuvuka mahali peupe ambapo bundi atamwona.

Huyu bundi tumemwonea. Watu wetu humpiga mawe kwa kusema analeta kifo, kumbe usiku kucha anawinda panya wako bila mshahara. Mwache akae. Paka naye afugwe, lakini asitarajiwe kumaliza kazi peke yake. Paka hawezi kuingia ndani ya ukuta.

Kuhusu ile mifuko mipya isiyopitisha hewa, ni mizuri sana kwa dumuzi, na kwa panya haina kinga yoyote. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, naye lazima atafune. Tundu moja dogo, hewa imeingia, na kazi ya mfuko imekwisha. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali unapoweza kuzunguka na kutazama. Mwenye uwezo wa kununua tangi la bati la nafaka, hilo panya hulishindwa, ila mahindi yawe yamekauka sawasawa kabla ya kutiwa.

Nyumbani, zunguka mchana na taa ya tochi. Tafuta mavi, tafuta alama nyeusi za mafuta kandokando ya ukuta, maana panya hupita njia ile ile kila usiku mwili ukigusa ukuta. Huna hakika? Nyunyiza unga kidogo sakafuni jioni, asubuhi utasoma nyayo. Panya mdogo wa nyumbani hupita penye tundu ambalo penseli inapita, kwa hiyo usidharau tundu dogo. Liziba kwa simiti iliyochanganywa na vigae vya chupa, au kwanza ushindilie waya wa kusugulia sufuria. Udongo mtupu ataufukua usiku ule ule. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati ya paa izibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Akina mama wanajua kwamba ugali uliobaki katika sufuria ndio karamu yake, basi ufunikwe, na chakula cha kuku kisilale nje.

Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Mkojo wake huleta homa mbaya, na viroboto vyake vyaweza kuleta tauni, kama ilivyotokea Lushoto, Tanzania, tangu mwaka 1980. Mzike shimoni. Na ukiona panya wengi wamekufa ovyo bila dawa yoyote kuwekwa, jambo hilo lipelekwe kwa watu wa afya siku hiyo hiyo.

Mitego ya chuma ni mizuri, itegwe kando ya ukuta pale penye alama, mingi kwa pamoja, si mmoja. Ikiwa bado wanazidi, ndipo utumie dawa, nanyi majirani muitumie siku moja. Dawa nyingi za siku hizi humfanya panya atokwe na damu ndani ya mwili, naye hufa baada ya siku kadhaa, basi usiseme ni mbovu kwa kuwa kesho yake bado unamsikia darini. Endelea kuiweka mpaka waache kuila. Nunua ile iliyofungwa yenye maandishi, si unga uliokunjwa katika karatasi sokoni, wala usitie dawa ya wadudu wa shambani katika nyama. Iweke ndani ya boksi au bomba ambamo mbwa, kuku na mtoto hawafiki. Wale panya uwaokote kila asubuhi, kwa sababu paka au bundi akiwala naye aweza kufa.

Mtoto akiila, mpeleke hospitali mara moja pamoja na pakiti yake, hata kama anacheza na anaonekana mzima, maana dawa hii huchelewa kujionyesha. Usimtapishe wala usimpe maziwa njiani. Daktari akiisoma ile pakiti atajua la kufanya, na kwa dawa hizi za kutoa damu tiba yake ni vitamini K.