Istilahi Kazini: Kuongeza 'Nafasi ya Kubadilishana' Katika Seva ya Unix Bila Kuizima

1.0 Utangulizi

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wamezoea kuipima istilahi kwa ufupi wake, uangavu wake na uwezo wake wa kunyambulika. Makala hii inapendekeza kigezo cha nne, nacho ni kazi: je, anayeikuta istilahi ndani ya maelekezo ataweza kutenda lililo sahihi na kuepuka lenye madhara? Tuchukulie fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida. Lugha yake ya kwanza ni Kinyiramba (F31 katika uainishaji wa Guthrie), Kiswahili ni lugha yake ya kazi, na aliyeandika maelekezo hayupo karibu aulizwe. Seva imelemewa, watu wako foleni, na haiwezi kuzimwa.

2.0 Dhana na Historia Yake

Kumbukumbu ya kompyuta inapokaribia kujaa, kiini cha mfumo huchukua kurasa zisizotumika kwa wakati huo na kuziweka kwenye diski, kisha huzirejesha zinapohitajika. Wazo la kuitumia hifadhi ya nje kana kwamba ni kumbukumbu lilitekelezwa katika kompyuta ya Atlas, Manchester, mwaka 1962. Unix, iliyoanzishwa Bell Labs mwaka 1969, hapo awali iliuhamisha mchakato mzima: mmoja ulitoka, mwingine ukaingia. Hapo jina la Kiingereza swap lilikuwa na mantiki. Mwaka 1979 toleo la 3BSD lilileta uhamishaji wa ukurasa mmojammoja, lakini jina la zamani likabaki. Kwa hiyo anayetafsiri jina hilo neno kwa neno anatafsiri historia ya dhana, wala si dhana yenyewe.

3.0 Utaratibu

Katika Linux, iliyo ya ukoo wa Unix, msimamizi mkuu wa mfumo hufuata hatua hizi:

(i) Kukagua hali kwa amri free -m na swapon --show, na nafasi ya diski kwa df -h.
(ii) Kuunda faili la GiB 2: dd if=/dev/zero of=/egesho bs=1M count=2048. Faili hujazwa sifuri kwa sababu lenye matundu halikubaliwi.
(iii) Kulifunga lisisomwe na wengine: chmod 600 /egesho, kwa kuwa kurasa huweza kubeba siri za watumiaji.
(iv) Kulitia alama: mkswap /egesho.
(v) Kulifungua litumike papo hapo: swapon /egesho.
(vi) Kuandika katika /etc/fstab mstari /egesho none swap sw 0 0, ili lirudi kutumika seva iwashwapo tena.

4.0 Uchambuzi

Istilahi 'nafasi ya kubadilishana' ina kasoro mbili. Kwanza, kauli ya kutendana hudai watendaji wawili walio sawa: Juma na Asha hubadilishana vitabu. Hapa mtendaji ni mmoja tu, yaani kiini cha mfumo, na diski hupokea tu. Pili, kubadilishana huashiria kwamba kilichotolewa kimekuwa cha mwingine, ilhali ukurasa hutoka kwa nia ya kurudi.

'Nafasi ya akiba' ni nyepesi zaidi kueleweka, lakini ina hatari. Msomaji wa ofisini huielewa akiba kuwa nakala iliyotunzwa dhidi ya upotevu, na anaweza kudhani kwamba data zake zimehifadhiwa humo. Kumbe yaliyomo hayana matumizi baada ya seva kuzimwa.

Tunapendekeza 'egesho la kurasa'. Kuegesha, iwe ni jahazi au pikipiki, ni kuweka kando kwa muda chombo kitakachorudi safarini. Kitenzi hiki kinanyambulika bila taabu (egesha, egeshwa, egeshea), nacho kinafahamika bara na pwani.

Hatari kubwa zaidi imo katika hatua ya (iv). Sehemu ya kwanza ya amri mkswap ina maana ya 'tengeneza', na mfasiri huweza kuandika 'tengeneza nafasi katika diski'. Fundi wetu akielekeza amri hiyo kwenye kizigeu chenye kumbukumbu za ofisi badala ya faili jipya, mwanzo wa kizigeu unaweza kuandikwa upya na mfumo wake wa mafaili usitambulike tena. Hapa tafsiri aminifu haitoshi. Kiswahili kinapaswa kusema lile ambalo Kiingereza kimelificha: 'tia alama ya egesho, yaliyokuwamo yatapotea'.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtumiaji wa ofisini akapata menyu za Kiswahili. Msimamizi wa seva naye anastahili maelekezo ya Kiswahili yaliyopimwa kazini. Hata hivyo, egesho halikuzi kumbukumbu yenyewe: diski ni ya polepole mno kuliko kumbukumbu, na seva inayoegesha na kurejesha kurasa bila kukoma inahitaji kumbukumbu zaidi. Vivyo hivyo, istilahi nzuri humsaidia mwandishi wa maelekezo, lakini haimwondolei wajibu wa kuyafikiri.