Mfalme Afonso wa Kongo na Barua Zake

Wako wafalme wanaosifiwa kwa sababu walishinda vita vingi. Wako wengine wanaosifiwa kwa wingi wa mali yao. Mfalme Afonso wa Kongo alishinda vita na alikuwa na mali. Lakini si hayo yanayompa heshima hata leo. Astahili heshima kwa sababu alithubutu kumwambia ukweli rafiki aliyemhitaji, tena aliusema kwa ajili ya watu ambao hawakuweza kujitetea wenyewe. Somo hili laonyesha jinsi alivyofanya hivyo, na pia mahali alipopungukiwa.

1. Nchi na mtu

Ufalme wa Kongo ulikuwa pande zote mbili za mto mkubwa, karibu na bahari. Nchi zake leo zimegawanyika kati ya Angola, Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, uko Angola. Mwaka 2017 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Merehemu za Wareno zilifika kwenye mlango wa mto katika miaka ya 1480. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akaitwa João. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyekuwa akitawala jimbo la Nsundi, alibatizwa naye, akapewa jina la Afonso. Haukupita muda mrefu, baba akapoa katika dini. Lakini mwana alidumu. Baba alipofariki, mwanzoni mwa karne ya 16, Afonso alipigana na ndugu yake Mpanzu a Kitima, akamshinda. Ndipo akatawala kwa zaidi ya miaka 30.

2. Mfalme aliyependa kusoma

Afonso aliona upesi ya kuwa nguvu za Wareno hazikuwa katika bunduki peke yake, bali pia katika maandishi. Basi, alijifunza kusoma na kuandika. Padri mmoja aliyekaa kwake mwaka 1516 alisimulia kwamba mfalme alisoma mpaka akasinzia juu ya vitabu vyake, na mara nyingine alisahau hata kula.

Elimu hiyo hakujiwekea mwenyewe. Katika barua ya mwaka 1514 alieleza jinsi alivyojenga boma la shule kwa vijana wapatao 400. Wasichana walifundishwa pia, na mwalimu wao alikuwa dada yake mfalme. Vijana wengine aliwatuma Ureno. Mmoja wao alikuwa mwanawe Henrique, ambaye Papa Leo wa Kumi alimteua kuwa askofu mwaka 1518. Naye alirudi kuwatumikia watu wa nchi yake.

3. Urafiki wageuka

Mfalme wa Ureno na mfalme wa Kongo waliitana ndugu katika barua zao. Afonso aliomba mapadri, walimu na mafundi wa kujenga. Wengine waliokuja walifanya kazi yao vema. Lakini wengine walipokea mshahara, wakaiacha kazi, wakaingia katika biashara ya watumwa. Tangu mwaka 1514 Afonso alikuwa akilalamika.

Biashara ilizidi kukua, kwa maana mashamba ya miwa ya kisiwa cha São Tomé yalihitaji mikono mingi. Wafanya biashara walileta nguo na vitu vya anasa. Watu wa Kongo walivitamani, nao walioshikwa na tamaa walianza kuwakamata wenzao usiku na kuwauza kwa siri. Mtu huru alilala nyumbani mwake, na kulipokucha alikuwa amefungwa kamba.

4. Barua za mwaka 1526

Tarehe 6 Julai 1526 Afonso alimwandikia João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Hakumtukana, wala hakujipendekeza. Alimwarifu kwamba wafanya biashara wanawachukua wana wa nchi, watoto wa wakubwa, hata jamaa za mfalme mwenyewe, na kwamba nchi inabaki bila watu. Akasema ya kuwa Kongo haihitaji tena wafanya biashara wala bidhaa zao: inatosha kuletewa mapadri, walimu wachache, na divai na unga kwa ajili ya sakramenti takatifu. Tena alitamka wazi kwamba hataki nchi yake iwe mahali pa kununulia watumwa wala njia ya kuwapitishia.

Msomaji aangalie vizuri jambo moja. Afonso hakuwalaumu wageni peke yao. Aliandika pia kwamba wezi na watu wa dhamiri mbaya wako kati ya raia zake, nao ndio wanaowakamata ndugu zao na kuwauza. Mtu anayeficha dhambi ya nyumba yake hawezi kuiponya.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule aliandika tena. Alikuwa ameweka wakubwa watatu wa kuchunguza kila mtu anayeuzwa. Hakuna mnunuzi aliyeruhusiwa kumchukua mtu kabla hawajahakikisha kama ni mateka au ni mtu huru. Katika barua hiyo aliomba pia waganga na watengeneza dawa, kwa kuwa wagonjwa wengi walikufa bila msaada.

Mfalme wa Ureno hakuikata biashara hiyo, na merehemu ziliendelea kupakia watu. Afonso naye alichukiwa. Siku ya Pasaka mwaka 1540 Wareno kadhaa walijaribu kumwua kwa bunduki ndani ya kanisa. Mungu alimwokoa. Alifariki miaka michache baadaye.

5. Kasoro yake

Heshima ya kweli haihitaji uwongo. Afonso mwenyewe alikuwa na watumwa. Mateka wa vita vyake waliuzwa, naye alipokea faida yake. Uchunguzi wa wale wakubwa watatu ulimlinda mtu huru wa Kongo. Haukumlinda mgeni aliyetekwa vitani. Jicho la mfalme liliona machozi ya raia zake, lakini halikuona vema machozi ya jirani. Kumbe yule mateka naye alikuwa na mama aliyemlilia.

Je, kasoro hiyo yafuta sifa yake? Haifuti, lakini yaipima. Katika siku zile wakuu wengi, wa Ulaya na wa Afrika, walinyamaza kwa ajili ya faida. Afonso alihitaji bunduki, mafundi na walimu wa Ureno; kunyamaza kungalimpendeza rafiki yake mwenye nguvu. Hata hivyo alisema. Barua zake zaidi ya 20 zimehifadhiwa mpaka leo, na kwa njia yake vilio vya watu wasioandika jina lao popote vimetufikia. Aliianza njia njema, wala hakuifikisha mwisho.

6. Fundisho

Waswahili husema: Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kiongozi astahili kusifiwa, si kwa sababu rafiki zake ni wakubwa, bali kwa sababu hawauzi wadogo ili awapendeze wakubwa. Naye anayemheshimu Afonso afanye zaidi kuliko yeye: amtetee mtu wa kwao, tena amtetee na mgeni.

Maulizo

1. Afonso alitambua nini juu ya maandishi, naye alifanya nini?
2. Katika barua ya Julai 1526 aliwalaumu watu gani? Kwa nini ni vema kwamba hakuwalaumu wageni tu?
3. Wakubwa watatu walimlinda nani? Ni nani aliyeachwa bila ulinzi?
4. Katika kijiji au katika kazi, ni lini yafaa kumwambia rafiki mwenye nguvu maneno asiyopenda kuyasikia?