Picha Imepigwa: Nani Ataisoma?

Mgonjwa avukaye Mto Kilombero kutoka Mahenge au Malinyi kwenda Ifakara kupigwa eksirei aweza kudhani kuwa mashine ikinyamaza, kazi imekwisha. Sivyo. Mteknolojia hupiga picha; daktari bingwa wa radiolojia, au daktari mwingine mwenye ujuzi huo, ndiye huisoma na kuandika majibu.

Eksirei ya kifua hutoa picha moja au mbili. CT-skani ya mgonjwa mmoja yaweza kutoa mamia. Kwa hiyo mashine zikiongezeka kuliko wasomaji, foleni huhamia mezani kwa daktari, na picha ya mgonjwa mahututi yaweza kukawia nyuma ya picha zisizohitajika.

Tunamshauri mtumiaji wa huduma:

1. Muulize daktari: Je, picha hii itabadili matibabu yangu? Usishinikize upigwe picha ambayo daktari haoni haja yake.
2. Tunza picha na majibu ya zamani, uende nayo hospitali. Kurudia picha ya eksirei au CT-skani ni gharama na mionzi ya ziada.
3. Ukiwa mjamzito, au ukidhani hivyo, sema kabla ya kupigwa picha. Ultrasaundi haitumii mionzi ya eksirei.
4. Uliza majibu yatatoka lini, na uombe yawe ya maandishi, yenye jina la aliyeyasoma.

Kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.