Kabla Hujamnunua Kiti cha Pweza

Wengi wenu mna tangi dogo la maji chumvi pale sebuleni, la lita 50 au 60, na mnatamani kumweka kiti cha pweza ndani yake. Kabla sijakujibu ndiyo au hapana, niambie kwanza: atakula nini?

Nauliza kwa sababu wengi wao hufa kwa njaa. Chukua yule wa buluu, Linckia, anayempendeza kila mtu. Chakula chake ni utando wa mwani na vijidudu unaoota juu ya mawe. Tangi la lita 60 halina mawe ya kumshibisha. Ataumaliza utando huo, kisha mwili wake utaanza kujila wenyewe. Kwa miezi utamwona mzima, halafu siku moja mkono unalegea na kumomonyoka. Wewe unatafuta dawa, kumbe mwenzio alikuwa hajala.

Na yule wa pwani yetu, wa kijivu mwenye vinundu vyekundu, tunayemkuta kwenye nyasi za baharini maji yakitoka? Huyo hufikia sentimita 30, na hula sifongo, matumbawe laini na wanyama wengine wasioweza kukimbia. Mwache baharini. Hata ukitaka picha, mpige akiwa ndani ya maji, maana humo ndimo anamopumulia.

Usikate tamaa, mdogo wangu, wapo wanaofaa. Asterina ni mdogo kama ukucha, hula mwani wa kwenye kioo, na huzaliana kwa kujigawa. Mara nyingi huja bure, amejificha kwenye mawe. Ukiona matumbawe yanatafunwa, wapunguze. Yupo pia jamaa yao mwenye mikono mirefu myembamba. Chagua aina ndogo, ile inayojificha chini ya mawe na kula mabaki. Epuka yule mkubwa wa kijani, kwani akikua hukamata samaki usiku.

Sasa maji. Kiti cha pweza huendesha vimiguu vyake kwa maji ya bahari yanayopita ndani ya mwili wake, hivyo chumvi ikibadilika ghafla, anaumia ndani kwa ndani. Chumvi ibaki gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 24 hadi 26, amonia na nitraiti sifuri. Siku ya kumleta, mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili au tatu. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu yaliyosafishwa, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie kabisa, itamuua. Na tangi jipya lipe angalau miezi sita likomae.

Ukifika dukani, muulize muuzaji: ni aina gani, anakula nini, atakua kiasi gani? Akishindwa kukujibu, usitoe pesa yako. Wengi wa wanaouzwa wametolewa baharini, na kila anayefia tangini huacha nafasi dukani ya kujazwa na mwingine kutoka huko huko. Nunua yule tu ambaye chakula chake tayari unacho nyumbani.